Mrasimu wa mahakama: kabla hujagusa kufuli la ghala

Mwanahisa mwenye asilimia 30 akija ofisini akilia kwamba wenzake wanauza malori ya kampuni kimyakimya, wakili mchanga hukimbilia kuomba mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa na mahakama kushika mali inayogombaniwa. Usiharakishe. Habari za mrasimu zikienea, wauzaji hutaka taslimu na wateja huanza kutafuta kwingine. Kama zuio la kuuza mali linatosha, omba zuio.

Hapa Kenya, malalamiko ya mwanahisa anayeonewa hupitia kifungu cha 780 cha Sheria ya Kampuni ya 2015, na nafuu anazoweza kupewa ziko kifungu cha 782, ikiwemo hisa zake kununuliwa. Kesi ikiendelea, mrasimu wa kulinda mali huombwa chini ya Agizo la 41 la Kanuni za Kesi za Madai za 2010. Huyu si yule aliyekuwa akiletwa na benki kudai mkopo wake. Ni mtumishi wa mahakama, hata kama jina lake lilipendekezwa na upande wako.

Ombi lishike ushahidi: CR12 ya karibuni (hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa), taarifa za benki, rekodi za umiliki wa magari. Kiapo kilichojaa "nimeambiwa" hakifiki mbali. Kumbuka pia kwamba kanuni ya 1 ya Agizo hilo la 41 hairuhusu kumwondoa mtu kwenye mali ikiwa hakuna mhusika wa kesi mwenye haki ya kumwondoa wakati huo. Mpangaji mwenye mkataba halali hafukuzwi kwa sababu tu mrasimu amefika.

Kazi kubwa iko kwenye maneno ya amri. "Mali zote za kampuni" ni maneno mepesi mno. Karani wa benki akiyasoma atayapeleka kwa mawakili wao, na siku hizo fedha zinatoka. Taja kila akaunti kwa namba na tawi, kila gari kwa namba ya usajili, kila kiwanja kwa namba ya hati, kila Paybill na Till (namba za kupokea malipo kwa simu). Kisha eleza mipaka ya mrasimu: alipe mishahara, akusanye madeni, ashtaki, asiuze ila bidhaa zinazooza, malipo yanayozidi kiwango fulani yapate kibali cha mahakama, hesabu ziwasilishwe, tuseme, kila siku 30. Dhamana na ujira wake vitajwe humo humo. Ujira ulioachwa wazi huzaa kesi ya pili.

Ukiwa wewe ndiye mrasimu, siku ya kwanza anza benki, siyo kiwandani. Lori huchukua saa nzima kutoka getini, fedha huchukua sekunde. Baada ya benki, Paybill, na hapa wengi huteleza: akaunti ya benki imefungwa, lakini mkurugenzi bado ana uwezo wa kuhamisha fedha za wateja kwa simu. Watumiaji wote wa zamani waondolewe siku hiyo hiyo. Fuata iTax, mfumo wa ushuru wa mtandaoni, nywila pamoja na barua pepe iliyounganishwa nayo, maana PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) inadaiwa kufikia tarehe 9 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Faini za ushuru hula mali ile ile uliyotumwa kuilinda.

Ghalani, hesabu bidhaa pande zote mbili zikiwepo na zitie sahihi kila ukurasa. Anayekataa, andika kwamba amekataa, pamoja na saa. Magari yaandikwe namba ya injini, ya chesisi na kilomita. Nakili data ya programu ya uhasibu kabla mtu yeyote hajaifungua. Angalia bima inaisha lini, na ijulishe kampuni ya bima kwamba usimamizi umebadilika.

Mapato yaingie akaunti ya peke yake. Usiyapitishe akaunti ya wateja ya ofisi yako hata kwa siku moja. Kanuni ya 3 inamfanya mrasimu awajibike kwa hasara inayotokana na ukaidi wake au uzembe mkubwa, na ya 4 inaruhusu mali yake mwenyewe kukamatwa na kuuzwa. Ndiyo maana kila barua kwa upande mmoja iwe na nakala kwa wa pili, na simu za faragha kutoka kwa aliyekupendekeza uzikate kwa heshima.

Kesi ikiisha, rudisha mali ukifuata orodha ile ile ya siku ya kwanza, mstari kwa mstari, uwasilishe hesabu za mwisho, kisha uombe amri ya kuachiliwa na kurudishiwa dhamana. Kabla ya amri hiyo kutoka, funguo na vitabu vya hundi bado ni mzigo wako.