Jibu: Kwa nini mwenzangu hataki kushusha bei jioni?

Salaam, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini mshirika wako hapo Bagamoyo hukataa kushusha bei ya samaki jioni, ilhali barafu imekwisha na anajua kuwa kesho watakuwa wameharibika. Kabla hujamwita mkaidi, angalia kwanza bei aliyonunulia mnadani, kwa kuwa hiyo ndiyo anayoishikilia kichwani. Akiuza chini yake, anaona amepata hasara, na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Nami nilikuwa hivyo kwa samaki wangu aina ya changu, nikitazama macho yao yakififia huku nikisema mteja yu njiani. Kilichonisaidia ni kupanga bei ya jioni asubuhi, kabla ya kununua. Ikiwa anadaiwa na mwenye chombo cha kuvulia, jambo ambalo siwezi kulijua nikiwa huku, basi muulize hilo kwanza.