Waache Waguse Mpira

SWALI: Shikamoo Kocha. Ninafundisha soka watoto wa miaka 8 hadi 10, kwa kujitolea. Timu ya taifa ikifungwa, kila mtu anasema tatizo linaanzia huku chini. Lakini wazazi haohao wanataka kombe kila wikiendi, na wananilaumu nikimpumzisha mtoto wetu mwenye mwili mkubwa anayefunga mabao yote. Je, haya ninayofanya yanaigusa kweli timu ya taifa?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Yanaigusa sana.

Siku moja, nikiwa nimechoka kubishana na wazazi, nilikaa pembeni na daftari nikamfuatilia beki wetu wa kulia, mtoto wa miaka 9. Walikuwa wanacheza kumi na moja kwa kumi na moja, uwanja wa watu wazima. Kipindi kizima aligusa mpira mara 6, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kurusha. Muda mwingi alisimama akivuta soksi. Mazoezi yaliyofuata nikagawa uwanja kwa koni, wakacheza wanne kwa wanne, vigoli vidogo, bila kipa. Ndani ya dakika 10 alikuwa amevuka miguso 40. Alipoteza mipira mingi, ndiyo, lakini alipokea, akageuka, akathubutu chenga. Mama yake alipoliona lile daftari, habari za kombe ziliishia hapo.

Ubelgiji walipojijenga upya walianzia hapohapo: wadogo kabisa wawili kwa wawili, kisha watano, kisha wanane, ndipo kumi na moja. Mwaka 2018 walishika nafasi ya tatu Kombe la Dunia. Iceland, nchi ya watu wasiofika hata 400,000, walijenga viwanja vya ndani na kusomesha makocha, hadi watoto wadogo wakawa wanafundishwa na watu wenye leseni. Mwaka 2016 wakaitoa Uingereza 2-1 kwenye Euro, michuano ya mataifa ya Ulaya. Ujerumani ilichukua miaka 14, tangu aibu ya Euro 2000 hadi ubingwa wa dunia wa 2014. Kwa hiyo usikubali kupimwa kwa Jumamosi moja.

Sasa huyo mfungaji wako. Angalia amezaliwa mwezi gani. Mara nyingi mkubwa wa kundi ni yule aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka, amewatangulia wenzake kwa miezi tu. Wakifika miaka 15 watamfikia kimo, na kama alizoea kupiga mbele na kukimbia, atakuwa hana kitu mguuni. Kinachoniuma zaidi ni wale wadogo wa Novemba na Desemba wanaoachwa benchi hadi wanakata tamaa. Hao taifa linawapoteza bila hata kuwaona.

Mechi ijayo, mzazi anayelalamika zaidi mpe kalamu ahesabu miguso ya mwanawe. Huyo mfungaji mchezeshe kiungo mwezi mzima, apokee mpira akiwa amelipa mgongo goli la wapinzani, tena autulize kwa mguu wa kushoto. Halafu niandikie.