Jibu: Kumpima mtoto asiyeelewa maneno penye kelele

Mwalimu, umeuliza jinsi ya kumpima masikio mtoto wa miaka 7 asiyeelewa maneno penye kelele. Huyo anaweza kufaulu kipimo cha milio mitupu, isiyo maneno, kwenye chumba kimya na bado akapotea darasani mvua ikipiga mabati. Mpime kwa maneno ndani ya kelele.

Spika moja mbele yake, mita 1, usawa wa masikio. Maneno na kelele vitoke humo humo. Maneno yawe desibeli 65 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), zipimwe pale kichwa chake kitakapokuwa. Kelele iwe ya watu wengi wanaoongea pamoja. Ya feni ni rahisi mno. Anza nayo ikiwa chini ya maneno kwa desibeli 10. Akipatia, ipandishe 2. Akikosa, ishushe 2. Utafika mahali kelele inapanda na kushuka hapo hapo: wastani wa viwango hivyo vya kelele ndio kiwango ambacho mtoto hupatia nusu ya maneno.

Wengi huharibu kwenye lugha. Mtoto wa Masaka anayeongea Kiganda nyumbani ukimpima kwa Kiingereza, unapima msamiati, si masikio. Tumia maneno anayoyajua, aguse picha (mbuzi, kiti, ndizi) badala ya kutamka. Orodha usiirudie, ataikariri. Na usimlinganishe na mtu mzima: mtoto huhitaji kelele iwe chini zaidi.