Usiende mikono mitupu: kwa dogo anayeanza rivasi

Mwaka 2020 nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha simu cha mjomba wangu pale Makoroboi, Mwanza. Mchana nabadilisha vioo na sistimu chaji, usiku nikirudi Igoma nafungua laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 najifunza rivasi. Kwa asiyejua, rivasi ni kuchukua programu ambayo msimbo wake huna, ukaifumua kama msusi anavyofumua nywele, mpaka uone ilivyosukwa. Wenye vyeti wanaiita uhandisi kinyume. Kisingizio cha hela sikuwa nacho, maana Ghidra, programu ya kufanyia kazi hiyo, ilishatoka. NSA, shirika la ujasusi la Marekani, waliiachia bure Machi 2019. IDA, programu nyingine ya kazi hiyohiyo ambayo kila mkubwa wa fani alikuwa anaitaja, toleo lake la kulipia sikuthubutu hata kuuliza bei mara mbili.

Kilichonishinda kilikuwa kijiprogramu cha mazoezi, vile vinavyotengenezwa makusudi ili watu wavifumue. Unaandika nenosiri, kinakwambia umekosea. Nilikuwa nimesoma kwamba unaanza kwa kutafuta maneno yaliyomo ndani ya faili. Ukilikuta lile la "umekosea", unafuatilia ni sehemu gani ya programu inayoliita, na hapo jirani ndipo nenosiri linapokaguliwa. Nikatafuta. Takataka tupu. Saa tano usiku nikaingia kwenye kundi la mtandaoni la wakubwa wa rivasi, nikaandika kwa Kiingereza cha kuungaunga: naombeni msaada, programu haionyeshi kitu.

Mmoja akajibu neno moja: "Imepakiwa." Wa pili akauliza kama nataka aje anishikie na mausi. Wa tatu akaweka vikatuni vya kucheka. Nikafunga laptopu, na sikuigusa kama wiki mbili hivi.

Aliyenirudisha ni mjomba, na wala hajui. Alikuja mama mmoja, akaweka simu mezani, akasema, "Haiwaki." Mjomba hakuigusa. "Shikamoo mama. Ilianguka? Iliingia maji? Ukichomeka chaji inaonyesha alama yoyote? Kuna fundi mwingine ameifungua?" Mama akakumbuka kwamba mtoto aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji juzi. Alipoondoka, mjomba akaniambia, "Haiwaki ni kilio tu. Hapo bado hujaambiwa kitu."

Nikajiona mwenyewe. Mimi ndiye niliyekwenda na "haiwaki" mbele ya watu ishirini.

Jioni ile nikarudi kwenye faili. Nilipotazama orodha ya sehemu zake, mbili za kwanza ziliitwa UPX0 na UPX1. Majina yalikuwepo pale siku zote, mimi nikayapita. UPX0 kwenye diski ilikuwa na ukubwa wa sifuri, lakini kwenye memori imetengewa nafasi kubwa. Programu ilikuwa imebanwa, ndiyo kupakiwa kwenyewe: msimbo halisi umeshindiliwa ndani ya UPX1, na ukiiwasha, kipande kidogo kinaukunjua na kuumwaga UPX0 kabla ya kazi kuanza. Ni kama dagaa wa Mwaloni, wanashindiliwa kwenye gunia ili lori libebe wengi, lakini hakuna anayewapika ndani ya gunia. Kama aliyeibana hajachezea vichwa vya faili, yaani maelezo yanayokaa mwanzoni mwake, kuifungua ni amri moja, upx -d. Nikaipiga. Maneno yote yakajitokeza, na lile la "umekosea" likiwemo.

Kwa hiyo yule wa kwanza alikuwa amenijibu, tena sawasawa. Neno lake moja lilikuwa ufunguo, ila mimi nilitaka mlango uliofunguliwa kabisa.

Na ukali wao una sababu. Kila siku anaingia mtu anataka kuvunjiwa leseni ya programu, mwingine simu isiyo yake ifunguliwe, mwingine aambiwe matokeo ya mchezo wa kubahatisha kabla hayajatoka. Huyu wa mwisho hata ukimwelewesha kwamba matokeo yanapangwa kwenye seva, na programu ya simu kazi yake ni kuonyesha tu, anaona unambania. Hapa kwetu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mkubwa mwenye kazi yake hataki jina lake likutwe kwenye mazungumzo ya namna hiyo. Dogo mwenye nia njema akiingia na swali fupi lisilo na maelezo, kwa mbali anafanana nao.

Basi usifanane nao. Sema mapema faili umeitoa wapi na kwamba ni ya mazoezi. Weka alama yake ya SHA-256, ule mfuatano wa herufi na namba unaoitambulisha faili kama alama ya kidole, ili mwenzako ajue mnaongelea kitu kilekile. Taja anwani uliyokwama, yaani namba ya mahali ndani ya programu, mfano 0x401000, na ulichotegemea kukiona pale. Taja ulichojaribu, hata kama ni cha kipuuzi. Hicho cha kipuuzi ndicho kinachoonyesha umekesha. Namba hazihitaji Kiingereza kizuri, na hili kwa sisi tuliosoma shule za kata ni nafuu kubwa. Ukinyamaziwa, subiri siku mbili, kisha rudi na kitu kipya ulichogundua, usirudi kulalamika.

Wakubwa nao sitawatetea sana. Yule wa mausi alitumia maneno mengi kunikejeli kuliko ambayo yangetosha kusema "angalia majina ya sehemu za faili". Nasema hivi nikiwa na dhambi yangu. Mwaka jana dogo mmoja wa Nyegezi aliniuliza kwa nini programu inajizima kila akiifungulia kwenye dibaga, ile zana ya kuiendesha programu hatua kwa hatua ukiichungulia. Nilikuwa nimechoka, umeme umekatika, nikamwandikia "gugo", yaani katafute mwenyewe Google. Nikalala. Asubuhi nikiwa kwenye daladala nikasoma tena swali lake, nikakuta alikuwa ameweka kila kitu: anwani, picha, hata jina la IsDebuggerPresent aliloliona kwenye orodha ya vitu vinavyoitwa. Jibu alikuwa amelishika mkononi hajui tu kwamba ndilo. Hiyo ndiyo kazi yake, kuuliza mfumo kama kuna dibaga, na programu ikijibiwa "ndiyo, ipo", inajizima. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwa mistari mitatu kabla hatujafika Mkuyuni.

Wiki iliyopita ameniletea faili nyingine, ya kipanga njia cha intaneti (ruta) alichookota kwa fundi, na swali lenye picha nne na anwani zake. Nimelisoma mara tatu. Sijui jibu. Nimemwambia hivyohivyo, na Jumamosi anakuja Makoroboi na laptopu yake.