Maswali ya wapiga besi: namba za pakiti, mi iliyokufa na nyuzi za kuchemsha

Barua nyingi za safari hii kutoka Lubumbashi zinauliza kuhusu nyuzi za besi. Katika majibu tunazitaja kwa majina ya mazoezini: sol ndiyo nyembamba kuliko zote, kisha re, la na mi. Mwenye gitaa la nyuzi tano ana pia uzi wa si, chini ya mi.

Dukani naona pakiti za 40–100, 45–105 na 50–110. Muuzaji anasema zote ni mamoja. Sisi tunapiga rumba na seben, ile sehemu ya haraka ya kuchezesha watu, na mwimbaji wetu anataka tushuke nusu toni. Nichukue zipi? (Mpiga besi, Kamalondo)

Si mamoja, ndugu. Namba hizo ni unene wa uzi kwa elfu za inchi. 45 ni sol, milimita 1.14, 105 ni mi, milimita 2.67. Pakiti ya 45–105 kwa kawaida huwa na 45, 65, 85 na 105. Jicho halioni tofauti kubwa kati ya mi ya 100 na ya 105, lakini mkono unaisikia, kwa sababu uzito wa uzi unakua kwa mraba wa unene wake. Kwa sauti ileile, mi ya 100 inavutika kwa nguvu pungufu ya karibu asilimia 9. Ukiipiga kwa nguvu, kama seben inavyodai, inayumba sana, inagonga freti (vile vyuma vilivyokata shingo), na noti inaanza juu kidogo kabla ya kutulia mahali pake.

Sasa hiyo nusu toni. Ukishusha gitaa zima nusu toni, mkazo wa kila uzi unapungua kwa karibu asilimia 11; ukishusha toni nzima, karibu asilimia 20. Kwa hiyo mi yako ya 105 ikishuka itakuwa mkononi kama uzi wa 99 hivi. Ukitoka 105 kwenda 110 unarudishiwa karibu asilimia 10, yaani karibu yote uliyopoteza. Jibu letu basi: kama kikundi kinakaa chini nusu toni siku zote, chukua 50–110. Kama mnashuka kwa nyimbo mbili tatu halafu mnarudi, baki na 45–105 na ujifunze kuhamisha vidole. Kushusha na kupandisha kila jioni kunaisumbua shingo, na nyuzi hazitulii hata wimbo uishe. Pakiti ya 40–100 tunamshauri mwenye mkono mwepesi, au anayepiga kwa kuchapa kwa dole gumba na kunyofoa.

Tahadhari moja kabla ya kuvalisha 110. Tazama sile, kile kidaraja chenye mifereji kwenye kichwa cha gitaa. Mfereji uliochongwa kwa 105 unaweza kuubana uzi mnene. Utajua ukisikia “ting” unapokaza, na sauti ikaruka badala ya kupanda taratibu. Chukua kipande cha uzi kuukuu wa 100, kizungushie msasa laini mara moja, upanue kuta za mfereji tu. Sakafu yake usiiguse. Ukiichimba, uzi mtupu utagonga freti ya kwanza, na hapo hakuna dawa ila sile mpya.

Kuhusu madini: chuma kilichopakwa nikeli kinatosha kabisa kwa rumba. Chuma cha inoksi kinang'aa zaidi na hakishiki kutu upesi, na kwa mtu ambaye jasho lake linakula nyuzi ni msaada mkubwa. Lakini kinakwaruza vidole, na freti zinalika mapema. Kubadilisha freti ni kazi ya fundi na gharama yake si ya pakiti moja. Sisi tungeanza na nikeli.

Jambo. Mtoto wangu ana gitaa la besi fupi. Nilimnunulia nyuzi nzuri, zikakatika siku ya kwanza kule zinakozungushwa. Nimedanganywa? (Mama, Katuba)

Huenda hujadanganywa, Mama. Nyuzi zilikuwa za gitaa refu. Chukua utepe wa fundi nguo, pima kutoka sile hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Ukipata sentimita 43.2 kwa kipimo cha kwanza, gitaa ni refu: inchi 34, urefu ambao Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa, aliutumia kwa Precision Bass mwaka 1951 na viwanda vingi vikaufuata. Ukipata sentimita 38.1, ni fupi: inchi 30.

Kila uzi wa besi mwishoni hupunguzwa unene ili uweze kujipinda kwenye kinguzo cha mekaniki, kile kinachozungushwa kichwani kukaza uzi. Uzi mrefu ukiwekwa kwenye gitaa fupi, sehemu iliyopunguzwa inapita kinguzo, na kinachozungushwa ni ule unene wote. Waya wa nje unafunguka au kiini kinakatika. Kinyume chake pia ni hasara: uzi mfupi kwenye gitaa refu haufiki. Kwa mtoto omba nyuzi za inchi 30, zikiwa 45–105. Gitaa fupi hulegeza nyuzi zenyewe, kwa hiyo usimnunulie nyembamba ukidhani unamhurumia.

Kwenye kwaya yetu, mikro ya besi, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, inakamata zaidi vidole vinavyosugua nyuzi kuliko noti. Mwalimu wa kwaya amechoka. Kuna nyuzi zisizopiga kelele? (Mpiga besi wa kwaya, Ruashi)

Zipo: nyuzi bapa. Uzi wa kawaida umezungushiwa waya wa mviringo, na kidole kikiteleza kinapita juu ya matuta. Uzi bapa umezungushiwa utepe wa chuma ulio laini kama kisu, kwa hiyo kidole hakina cha kukwaruza. Sauti yake ni nzito, inaanza kwa kishindo kifupi na kufifia mapema, na inakaa vizuri chini ya sauti za waimbaji. Kwa kwaya, hasa katika kanisa la bati na kuta tupu ambalo lina mwangwi mwingi, hatuoni chaguo bora kuliko hili. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa nene za La Bella na hakuwa mtu wa kuzibadilisha.

Ni ghali, mara nyingi karibu mara mbili ya za kawaida. Lakini zinadumu miaka, kwa kuwa uchafu hauna mahali pa kujificha. Angalia mambo mawili. La kwanza, nyingi zinavutika kwa nguvu zaidi kuliko za kawaida zenye namba ileile, na shingo itajipinda mbele. Itabidi kurekebisha chuma cha ndani, kama tunavyoeleza chini. La pili, kwenye seben ya haraka besi yako itazama chini ya magitaa. Ukiwa na gitaa moja kwa kanisani na kwa kikundi cha mtaani, tafuta nyuzi nusu bapa, zile zilizozungushiwa waya wa mviringo kisha zikasuguliwa juu. Hazifikii upole wa bapa, ila kelele inapungua sana.

Kabla ya kutoa pesa, jaribu kitu kisichogharimu: inua vidole kabla ya kuhama, usivitelezeshe. Sehemu ya ile kelele inatoka hapo.

Nimevalisha nyuzi mpya. Sol, re na la zinalia vizuri, mi imekufa tangu siku ya kwanza. Pakiti ni ya bei. (Kijana, Kampemba)

Inawezekana uzi una kasoro, lakini mara nyingi kosa liko kwenye kuvalisha. Mi ya besi ina kiini cha chuma na tabaka kadhaa za waya juu yake. Ukiikata kwa pinsi kabla ya kuipinda, tabaka zinaweza kuteleza juu ya kiini, na uzi unaolegea ndani hauwezi kuimba. Ukiisokota wakati wa kuipitisha, ni vilevile.

Fanya hivi. Badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isilegee yote kwa mara moja. Pitisha uzi kwenye shevale (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa), uache ulale bila kusokotwa, uuvute hadi kwenye kinguzo chake. Pita kinguzo kwa sentimita 10 hivi, na hapo uupinde pembe mraba kwa pinsi, pindo kali kweli. Sasa ndipo ukate, ukibakiza sentimita moja na nusu baada ya pindo. Kile kipande kiingize kwenye tundu la katikati ya kinguzo, kisha zungusha, kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia. Mizunguko miwili au mitatu inatosha kwa mi; sol inataka mitatu au minne. Ikishuka chini, uzi unakandamiza sile vizuri. Ukiacha mzunguko mmoja wa juu, mi itatetemeka ndani ya mfereji wake.

Kisha jambo ambalo wengi hawalifanyi: uzi ukishakaza, bonyeza kwa dole gumba mbele kidogo ya kiti chake kwenye shevale, na tena karibu na sile. Uzi mnene haupindi wenyewe, unapita juu ya kiti kama upinde. Ukibonyezwa unapata kona, na sauti inafunguka papo hapo. Jaribu hili leo kabla ya kununua kingine. Kama tabaka zimeshateleza, hakuna marekebisho, na uzi huo ni wa kutupa.

Mwisho, pima urari, yaani kama noti za juu ya shingo zinalingana na uzi mtupu. Piga harmoniki ya freti ya 12 (gusa uzi juu yake bila kubonyeza) ukitazama akoda, kile kifaa cha kulinganisha nyuzi, halafu bonyeza noti ileile. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kiti nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Mwezi wa saba besi yangu inaanza kukwaruza freti za mwanzo, mvua zikirudi inapona. Ni nyuzi? (Katuba)

Ni mbao. Kiangazi cha Lubumbashi hukausha hewa, na shingo inapoteza unyevu na kunyooka kupita kiasi, pengine hata kujipinda nyuma. Masika inarudi mbele. Bonyeza mi kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, kwa wakati mmoja, utazame nafasi iliyo juu ya freti ya 7 au ya 8. Inapaswa kupitisha karatasi ngumu ya kadi, kama milimita 0.3. Ikiwa uzi umelala juu ya freti, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa ufunguo wake, kuelekea kushoto, robo ya mzunguko tu. Linganisha nyuzi, subiri, pima tena. Nafasi ikizidi, zungusha kulia robo, lakini legeza nyuzi kwanza. Chuma kikigoma, acha. Kikivunjika ndani, shingo imeharibika.

Tunachemsha nyuzi kwenye sufuria zikizeeka. Wengine wanasema ni vibaya. (Kikundi cha vijana, Ruashi)

Inafanya kazi kwa siku chache. Nyuzi hufa kwa sababu ngozi, mafuta na vumbi vinajaa kati ya mizunguko ya waya, na maji moto yanavitoa. Lakini maji yanabaki ndani na kutu inaanzia kwenye kiini mahali usipopaona, na kila unapozifungua na kuzizungusha tena zinachoka kwenye pindo. Alkoli ya spiriti ni bora: ziviringishe, ziweke ndani ya chupa yenye kifuniko, ziloweke siku nzima, zikauke kabisa kabla ya kuvalishwa. Mfanye hivyo mbali na jiko na mshumaa. Nyuzi bapa na za nailoni msiziloweke wala msizichemshe.

Kinachosaidia zaidi ni kitambaa kikavu cha pamba baada ya kila mazoezi. Vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho linakuwa kama msasa. Kipitisheni kitambaa chini ya uzi pia, kwa sababu huko ndiko uchafu unakobaki.

Je, waya wa breki ya baiskeli unaweza kuwa mi? (Bila jina, Kamalondo)

Unalia, kwa kuwa ni chuma na mikro zinaukamata. Ila ni nyaya nyembamba zilizosokotwa, nyepesi mno kwa unene wake. Ukiufikisha mi ya hertz 41 unalegea hadi kugonga mikro, na mikunjo yake inakata freti kama tupa. Kama pesa ni ya uzi mmoja tu, omba fundi au muuzaji akuuzie mi ya 105 peke yake, hata kama hizo tatu nyingine ni kuukuu. Itang'aa kuliko wenzake kwa wiki mbili hivi, punguza sauti za juu kwenye ampli mpaka zilingane.