Bakteria huzaa spora au huunda spora?

SWALI: Natafsiri makala ya biolojia kuhusu namna bakteria wanavyodhibiti kugawanyika kwa seli na uundaji wa spora, yaani seli iliyolala ndani ya kinga ngumu hadi hali iwe nzuri. Niliandika hivi: "Bakteria inapokosa chakula, hujigawa na kuzaa spora." Mhariri amepigia mstari "inapokosa", "hujigawa" na "kuzaa". Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, ingawa makosa hayo hayalingani uzito. "Inapokosa" ndilo jepesi. Bakteria ni kiumbe hai, kwa hiyo anafuata upatanisho wa a-/wa-: bakteria anapokosa, bakteria wanapokosa. Ukitaja seli, rudi kwenye i-/zi-, hata kama seli hiyo ndiyo bakteria mwenyewe. Wengi huteleza hapo katikati ya aya.

"Hujigawa" inaeleweka, lakini kugawa ni kutoa pia, kama kugawa zawadi. Kutenga kitu kimoja kiwe sehemu kadhaa ni kugawanya. Andika "hugawanyika". "Hujigawanya" ningeiweka pale tu unapoeleza udhibiti wenyewe: protini iitwayo FtsZ hujipanga kuwa pete katikati ya seli, na pete hiyo huongoza ujenzi wa ukuta unaozitenganisha seli mbili mpya. Hapo bakteria ndiye mtendaji na ndiye mtendwa.

Zito ni "kuzaa", maana linapotosha sayansi. Kuvu huzaliana kwa spora, na mazoea hayo tumeyahamishia kwa bakteria bila kuuliza. Mchukue Bacillus subtilis, ambaye watafiti wamemchunguza kuliko wengine katika jambo hili. Njaa inapozidi, protini iitwayo Spo0A, inayoanzisha uundaji wa spora, huamilishwa, na ukuta hujengwa karibu na ncha moja ya seli badala ya katikati. Sehemu kubwa huimeza ile ndogo, huivika tabaka ngumu za kinga, kisha yenyewe hupasuka na kufa. Seli moja imeanza safari, spora moja imebaki. Hesabu haikuongezeka hata kidogo, sasa kuzaa kuko wapi? Nadhani kinachoponza watu ni jina "seli mama", ambalo wanabiolojia huipa ile sehemu kubwa; mama akitajwa, uzazi hufuata wenyewe. Wewe andika "kuunda spora". Hali ikiwa nzuri tena, spora "huota", na kitenzi hicho hakina shida.

Kuna jambo ambalo mhariri hakuligusa. Si bakteria wote wanaounda spora. Escherichia coli, kwa mfano, haundi. Tena kiunganishi "na" kinafanya kugawanyika na kuunda spora vionekane matendo mawili yasiyohusiana, ilhali la kwanza ni hatua ya la pili. Ningeandika: "Baadhi ya bakteria wanapokosa chakula, hugawanyika karibu na ncha moja ya seli ili kuunda spora."