Mashua Isiuzwe kwa Ajili ya Viza

Kaka, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu, na mara zote nimekwama pale unaposema kwamba mwanetu amepata wakala Dar es Salaam anayepeleka vijana Uingereza kwenye mitambo ya kufua umeme wa upepo baharini, na kwamba mashua ikiuzwa pamoja na mashine yake fedha zitatosha. Umeongeza, huku unacheka, kwamba ikiwa baba yake mdogo analipwa kwa kuhesabu samaki, sembuse kijana mwenye nguvu zake. Hapo nilikasirika, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu uvumi huo nimeulisha mimi.

Unawakumbuka wale watafiti waliokuja Kilindoni wakawapachika papa potwe vidude vya kutoa mlio na kuzamisha vinasa mlio chini ya maji, ikabainika kwamba papa tuliodhani wanahama msimu ukiisha walikuwa hawajaenda mbali na Mafia, ila tu hawaonekani juu? Kazi yangu ndiyo hiyo, isipokuwa bahari ni Moray Firth, kaskazini-mashariki mwa Scotland, na samaki ni samoni. Mwezi wa nne na wa tano makinda wao hushuka mitoni kwenda baharini. Tunamkamata kinda asiyezidi urefu wa kiganja, tunamtia kwenye ndoo yenye dawa ya usingizi, tunamlaza chali juu ya sponji lililolowa, anachanwa tumboni upenyo mdogo, anaingizwa kidude chenye upana wa milimita 7, kisha anashonwa nyuzi mbili. Tangu hapo kidude hulia kwa masafa ya kilohezi 69, ambayo sikio la mwanadamu haliyapati, na kila anapopita karibu na kinasa chetu namba yake inaandikwa pamoja na saa. Ila usije ukamwambia mtu kwamba mimi ni mpasuaji. Kuna sheria ya mwaka 1986 inayotaka kila anayemgusa samaki kwa kisu awe na leseni yake binafsi, na mimi kwa misimu miwili nilikuwa mshika ndoo na msoma saa, mtu mwenye shahada mbili.

Kinachotuweka kazini ni upepo. Katika bahari hiyo moja umesimama mradi wa Beatrice wenye mitambo 84 na wa Moray East wenye mitambo 100, na anayetaka kujenga mwingine hutakiwa kujua samoni hupita lini na wapi, asije akagongelea nguzo kwa nyundo kubwa wakati makinda wanapita. Wavuvi wa hapa wanailaumu mitambo hiyo kwa kila samaki aliyepungua, lakini mwaka 2019 makinda 850 wa mito saba walipowekewa vidude, karibu nusu yao walipotelea mitoni, kabla hata ya kuionja chumvi. Nalitaja hili kwa sababu kazi naipenda, na sitaki udhani ninayoyasema sasa yanatoka kwa mtu anayeichukia.

Baridi nairuka, nayo nimeizoea, ingawa kukwangua mwani na magamba kwenye kinasa kilichokaa miezi sita chini ya maji, kwa vidole ambavyo huvisikii, ni kazi ileile tuliyokuwa tunaikimbia mashua ikipandishwa pwani. Linalonikosesha usingizi ni karatasi. Viza yangu imefungwa kwenye mguu wa mwajiri mmoja. Mradi tuliokuwa tunaufanyia kazi ulipoahirishwa, mwajiri wa wakati huo alituita ofisini dakika kumi, akatushukuru, na baadaye nikapokea barua ya serikali inayonipa siku 60 niwe nimepata mdhamini mwingine au niwe nimeondoka nchini. Siku ya tisa ya hizo 60 niliwatumia ile picha ya suti ya rangi ya chungwa, na minara ya upepo nyuma yangu, mnayoisambaza mpaka leo. Ilikuwa picha ya zamani. Ya ishirini na mbili ukaniandikia kuhusu mabati ya nyumba ya mama, nami nikakukopea pauni 300 kwa baharia mmoja wa Ghana anayevua kwenye meli za hapa, mtu ambaye hali yake ya karatasi ilikuwa mbaya kuliko yangu. Deni lile nimelilipa kwa miezi mitano. Mwajiri mpya nilimpata siku ya 51, na wewe hukujua lolote, kwa kuwa sikutaka kusikia sauti ya mama ikibadilika.

Sasa huyo wakala. Ulikuwapo kweli msamaha ulioruhusu wageni kufanya kazi kwenye mitambo ya upepo ya baharini bila viza ya kazi, lakini uliisha tarehe 30 Aprili 2023, na naona bado kuna watu wanauuza kama samaki wa jana. Tangu tarehe 22 Julai 2025 anayeomba viza ya ujuzi kwa mara ya kwanza hutakiwa, kwa kazi nyingi, awe na mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka na kazi ya kiwango cha shahada. Baadhi yetu tuliotangulia tumewekewa kiwango cha chini zaidi. Kazi ya kushika ndoo haifiki huko. Juu yake kuna tozo ya matibabu, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, zinazolipwa kwa mkupuo, kwa hiyo miaka mitatu ni pauni 3,105 hata kabla hujaugua mafua. Cheti cha udhamini hutolewa na mwajiri mwenye kibali, wala hakuna wakala wa Kariakoo mwenye nacho mfukoni.

Kwa hiyo asije. Aende Mbegani akasome uvuvi, au ajitahidi mpaka afike Taasisi ya Sayansi za Bahari, Buyu, Zanzibar, na ada nitaisaidia kadiri ya uwezo wangu. Akishapata shahada, na ufadhili wa masomo ukatokea, aje, tena mapema kuliko nilivyokuja mimi, maana kuna mambo ya bahari niliyojifunza huku ambayo nisingeyapata kwetu. Chumba changu ni kidogo lakini godoro la pili lipo. Nikisema asije sisemi kwamba mimi narudi. Hilo ukiniuliza sina jibu la kukupa leo, na ukinikasirikia utakuwa na haki.

Kama mashua haijatoka, isitoke. Kama umeshaiuza, fedha zikae kwako, na umwombe mnunuzi asiibadilishe jina mpaka tuzungumze. Nipigie hata usiku wa manane. Huku sisi tuko nyuma yenu kwa saa mbili tu msimu huu, na nitakuwa macho.